Sura ya 7: Kwa Nini Flashi Iliyokuwa E Jana, Leo ni G?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mtu aliyeenda steshenari kuchapa barua analiuliza hivi: "Mbona flashi haionekani, na mlio nimeusikia?" Mhariri wa video za harusi analiuliza huku mteja amekaa nyuma yake: "Mradi mzima umekuwa mwekundu, video zimeenda wapi?" Mhasibu anataka kujua kwa nini nakala ya akiba ya kila Ijumaa imegoma kujiandika. Wote watatu wanauliza jambo moja bila kujua: kompyuta imeiita diski yangu kwa jina gani, na imeipachika wapi?

Nikisema diski ya nje katika sura hii, nina maana ya kitu chochote cha kuhifadhia faili kinachochomekwa na kuchomolewa: flashi, memori kadi ya kamera, na ile diski kubwa yenye waya ambayo wengi huiita eksternali. Kupachika ni kazi inayofanywa na kompyuta sekunde chache baada ya wewe kuchomeka. Inaisoma diski, inaitambua, kisha inaitengea mahali pa kuonekana ili ukibofya uzikute faili zako. Kuchomeka ni kazi ya mkono wako. Kupachika ni kazi ya kompyuta. Ndiyo maana diski inaweza kuchomekwa, taa ikawaka, mlio ukalia, na bado usione kitu.

Diski moja, majina matatu

Jina la kwanza ni herufi: E, F, G na kuendelea. Hutolewa na Windows, na ni mali ya kompyuta, si ya diski. Fikiria gesti ya karibu na stendi ya mabasi. Mgeni anafika, anapewa ufunguo wa chumba cha kwanza kilicho wazi. Akirudi wiki ijayo atapewa chumba kilekile kama hakina mtu. Kikiwa na mtu, atapelekwa kingine. Namba ya chumba haimo kwenye kitambulisho chake, na gesti ya mtaa wa pili haina habari nayo.

Jina la pili ndilo jina hasa, lile unaloliona kando ya herufi: KINGSTON, NO NAME, New Volume, au chochote ulichoandika wewe. Hili limeandikwa ndani ya diski na linasafiri nayo. Ukiipa flashi jina la KWAYA ukiwa nyumbani, itasomeka KWAYA kanisani, ofisini na kwa jirani.

Jina la tatu ni namba ya utambulisho, ambayo watu wengi hawajawahi kuiona. Kwa kweli ziko namba zaidi ya moja. Flashi nyingi huwa na namba iliyowekwa kiwandani. Halafu diski inapofomatiwa, yaani inapofutwa na kutayarishwa upya kupokea faili, huandikiwa namba nyingine. Kwa flashi ya kawaida namba hiyo ina tarakimu 8 za mtindo wa 5C3A-91F2, na kwa kawaida hutengenezwa kutokana na tarehe na saa ya kufomati. Diski iliyofomatiwa kwa ajili ya Linux hupata ndefu zaidi, tarakimu 32 zenye vistari katikati. Binadamu hawezi kuikariri, lakini kompyuta ikitaka uhakika hutazama huko.

Kwa ufupi: herufi hutolewa na kompyuta na inaweza kubadilika, jina unalitoa wewe na linakaa ndani ya diski, namba ya utambulisho ni ya mashine kuisoma. Shida nyingi za watu zinatokana na kuitegemea herufi kana kwamba ndiyo jina.

Herufi zilianzia wapi

IBM ilipoingiza sokoni kompyuta yake ndogo mwaka 1981, faili zilikaa kwenye flopi, yale mabapa laini ya sumaku. Tundu la kwanza la flopi liliitwa A, la pili B. Utaratibu huo haukuanza hapo. Ulikuwemo tayari katika CP/M, mfumo wa kuendesha kompyuta ulioandikwa na Mmarekani Gary Kildall katika miaka ya 1970. Mwaka 1983 IBM ikaleta kompyuta ya XT yenye diski ngumu ndani. A na B zilikuwa zimeshachukuliwa, kwa hiyo diski hiyo ikawa C. Ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 10, ambazo picha tatu nne za simu ya leo zinazijaza. Leo hakuna anayenunua kompyuta yenye tundu la flopi, ila C imebaki C, na diski zinazochomekwa hupangwa kuanzia herufi zinazofuata.

Jinsi Windows inavyogawa

Diski ikichomekwa mara ya kwanza, Windows huipa herufi ya kwanza iliyo wazi. Kisha huandika katika daftari lake la ndani kwamba diski yenye utambulisho fulani ilipewa herufi fulani. Ukiirudisha, Windows hujaribu kuipa herufi ileile. Kwa hiyo kompyuta haisahau kama wengi wanavyodhani. Inakumbuka, ila haizuii mtu mwingine kukaa.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Chukua kompyuta ya steshenari, inayopokea flashi za watu kutwa nzima. Ya mwanafunzi anayechapa ripoti imekaa E, ya mchungaji imekaa F. Wewe uliyekuwa E jana unafika na kukuta E haiko wazi, na F haiko wazi. Leo wewe ni G.

Kuna sababu nyingine isiyojulikana sana, nayo inahusu flashi za bei ya chini. Baadhi hutoka kiwandani bila namba ya utambulisho ya kueleweka. Windows ikikosa namba hiyo hulazimika kuitambua flashi kwa tundu la USB ilikochomekwa. Ukiichomeka tundu la kushoto ni flashi moja. Ukiihamishia la kulia, kwa Windows huyo ni mgeni mpya kabisa. Kama umewahi kuona kompyuta ikijitayarisha upya kila unapobadilisha tundu, kwa flashi ileile, sababu huenda ni hiyo. Dawa yake ni ya kijinga lakini inafanya kazi: tumia tundu moja siku zote.

Usisahau pia visomea kadi. Kuna kompyuta za mezani zenye kisomea kadi chenye nafasi nne, na kila nafasi imejichukulia herufi yake hata kama haina kadi ndani. Ukiona diski yako inaanzia H au I kwenye kompyuta isiyo na kitu kingine, angalia mbele ya boksi.

Siku mradi ulipokuwa mwekundu

Sasa turudi kwa mhariri wa harusi, maana yeye ndiye anayeumia zaidi. Tuseme video zote za harusi ziko kwenye diski ya nje inayoitwa HARUSI. Jumatatu aliichomeka ikapewa E. Akafungua Premiere, programu ya kuhariri video, akaanza kukata na kupanga. Premiere haikuzimeza video ndani yake. Iliandika tu anwani ya kila moja, yaani njia ya kuifikia, mfano:

E:\Agosti\Kamera1\C0012.MP4

Alhamisi mteja anakuja na flashi yenye picha za bibi harusi. Inachomekwa kwanza, inapewa E. Kisha HARUSI inachomekwa, inapewa F. Mradi unafunguliwa. Premiere inakwenda E kama ilivyoandikiwa, inatafuta folda ya Agosti, inakuta picha za bibi harusi. Inachora pale kwenye kioo cha video kibao chekundu chenye maneno ya lugha nyingi kwamba video haipatikani. Hakuna kilichopotea. C0012 iko palepale ilipokuwa, imebadilishiwa anwani tu.

Wengi hapo huanza kuielekeza Premiere upya, video moja baada ya nyingine. Programu ina njia ya kusaidia: ukiionyesha moja, hujaribu kuzitafuta nyingine zilizo karibu. Lakini mradi wenye kamera tatu na folda kumi na tano ni kazi ya kuchosha, na unaweza kuunganisha video isiyo yenyewe, kwa sababu kamera mbili za aina moja zinaweza kutoa faili zenye jina lilelile. Njia nyepesi ni kufunga Premiere, kutoa flashi ya mteja, kisha kuirudishia HARUSI herufi yake ya E. Fungua mradi tena na kila kitu kimerudi, bila kuelekeza hata faili moja.

Programu za madijei na zile za wapigapicha za kupanga maktaba ya picha zina ugonjwa huohuo. Nyimbo zote zinapoonekana na alama ya kutopatikana dakika tano kabla ya shughuli kuanza, kagua herufi ya diski kabla ya kumlaumu aliyeibeba.

Kuipa diski herufi ya kudumu

Kama diski hutumika kwa kazi ya kila siku kwenye kompyuta moja, usiiache ipangiwe. Chagua herufi wewe mwenyewe. Utahitaji kuwa na ruhusa ya msimamizi wa kompyuta hiyo.

1. Chomeka diski. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows iliyo chini, uchague "Disk Management".
2. Dirisha litaonyesha diski zote. Itafute yako kwa jina na ukubwa wake, si kwa herufi.
3. Bofya kitufe cha kulia juu yake, chagua "Change Drive Letter and Paths", halafu "Change".
4. Chagua herufi, kubali. Windows itakuonya kwamba programu zinazotegemea herufi ya zamani huenda zisifanye kazi vizuri. Onyo hilo ni la kweli, kwa hiyo fanya hivi kabla ya kuanza mradi, si katikati, isipokuwa kama unairudishia diski herufi yake ya awali.

Herufi gani? D, E, F na G ziachie flashi za wapita njia. Wengi hukimbilia Z wakidhani ni mbali na msongamano, lakini ofisi zenye folda za mtandao, yaani folda zilizo kwenye kompyuta nyingine na kuonekana kwako kama diski, huanzia Z zikirudi nyuma, kwa sababu ndiyo herufi Windows inayoipendekeza kwanza kwa kazi hiyo. Mimi huwaambia watu wakae katikati, kati ya M na T. Diski ya harusi iwe M, ya akiba iwe R, na mambo yatatulia kwa miaka.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Usiiguse C, kwa sababu Windows yenyewe imeketi humo. Na kumbuka kuwa uamuzi huu umeandikwa kwenye kompyuta hiyo tu. Ukiipeleka diski kwenye kompyuta ya pili, hiyo haijui habari za M, itaipa inachotaka. Studio yenye kompyuta mbili ifanye zoezi hili kwenye zote mbili, kwa herufi ileile.

Dirisha hilohilo lina njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu inatumika chini ya thamani yake. Badala ya herufi, diski inaweza kupachikwa ndani ya folda tupu, kwa mfano C:\Kazi\Harusi. Ukifungua folda hiyo unakuta yaliyomo kwenye diski ya nje. Sharti ni kwamba folda iwe tupu na iwe kwenye diski ya mfumo wa NTFS. Mfumo wa faili ni utaratibu wa kupanga faili ndani ya diski, na NTFS ndio ambao C ya Windows huwa nao kwa kawaida. Kwa mtu mwenye diski nyingi kuliko herufi, hili ni suluhisho safi.

Jina linalosafiri

Kubadilisha jina ni rahisi zaidi: kitufe cha kulia juu ya diski, "Rename", andika. Ugumu uko kwenye urefu. Flashi nyingi hutumia mfumo wa faili uitwao FAT32, ambao jina lake haliwezi kuzidi herufi 11. HARUSI-2024 inaingia kamili, HARUSI-AGOSTI haiingii. Mfumo wa exFAT, unaokutwa sana kwenye diski na kadi kubwa, nao una kikomo cha 11. NTFS inaruhusu 32.

Kwa kuwa nafasi ni finyu, usiipoteze kwa jina la kampuni iliyotengeneza flashi. Andika mwenyewe au kazi, kisha namba: AKIBA-1, AKIBA-2, SHULE-3. Chukua maka peni uandike jina hilohilo juu ya ganda. Diski tatu nyeusi zinazofanana mezani, zote zikiitwa New Volume, siku moja zitakufanya ufomati isiyo yenyewe.

Imechomekwa lakini haionekani

Fungua "Disk Management" kabla ya kufanya lolote. Ikiwa diski imo kwenye orodha ila haina herufi, ipe moja kwa hatua zile zile za juu. Mara nyingi herufi iliyostahili kupewa ilikuwa imegongana na folda ya mtandao. Ikiwa imeandikwa "Offline" na umetoka kuiga diski nzima kwenda nyingine kwa programu ya kunakili, tatizo ni lile jina la tatu: nakala imechukua hadi namba ya utambulisho ya asili, na Windows haikubali mbili zenye namba moja kwa wakati mmoja. Isipokuwepo kabisa kwenye orodha, tatizo liko kwenye waya, tundu au diski yenyewe, na suala la herufi halihusiki.

Kuna ujumbe mmoja ambao naomba uusome polepole. Windows inasema ni lazima uifomati diski kabla ya kuitumia. Mara nyingi hii inatokea diski ikiwa imetayarishwa kwenye Mac au Linux kwa mfumo wa faili ambao Windows haiujui, au ikiwa imeharibika kidogo kwa kuchomolewa vibaya. Katika hali zote mbili faili zako zinaweza kuwa salama. Bofya "Cancel", kisha ijaribu diski kwenye kompyuta ilikotoka. Ukikubali kufomati, wewe ndiye utakayekuwa umezifuta.

Kwenye Mac na Linux

Mac haina herufi. Kila diski hupachikwa ndani ya folda iitwayo Volumes, kwa jina lake lenyewe. Kwa hiyo huko jina ndilo anwani, na ukilibadilisha katikati ya kazi unazalisha matatizo yaleyale ya E na F. Ukichomeka diski mbili zenye jina moja, ya pili huongezewa namba: NO NAME na NO NAME 1. Jambo jingine la kujua ni kwamba Mac husoma diski ya NTFS lakini, yenyewe bila programu ya ziada, haiandiki ndani yake. Diski itakayozunguka kati ya Mac na Windows ifomati kwa exFAT. FAT32 ibaki kwa flashi za redio za magari, ukijua haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4.

Linux ina tabaka mbili. Ndani kabisa diski huitwa sda, sdb, sdc kwa mpangilio zilivyogunduliwa, na majina haya yanaweza kubadilishana kompyuta ikiwashwa upya. Usiyaandike popote pa kudumu. Kwa mtumiaji wa Ubuntu diski hutokea ndani ya folda ya media, chini ya jina lake. Isipokuwa na jina, inaonyeshwa kwa namba ya utambulisho, na hapo ndipo mtu anapokuta folda ya ajabu iitwayo 5C3A-91F2. Anayetaka ipachikwe mahali pamoja siku zote huandika mstari katika faili la /etc/fstab, kwa kutumia namba ya utambulisho:

UUID=namba-ya-diski /mnt/akiba ext4 defaults,nofail 0 2

Namba unaipata kwa amri ya lsblk -f. Badala ya ext4 weka mfumo wa faili wa diski yako. Neno nofail lisikosekane. Bila hilo, siku diski isipokuwepo, kompyuta nyingi za Linux zitaingoja kwa dakika moja na nusu, kisha zigome kuwaka kawaida.

Hapa pana mtego kwa wanaotumia programu ya akiba inayojiendesha usiku. Folda ya /mnt/akiba ipo hata diski isipokuwepo. Inakuwa tu folda tupu ya diski ya ndani. Programu haitalalamika. Itaandika humo kila usiku hadi diski ya ndani ijae, huku eksternali iko kabatini. Kabla ya mstari wa kunakili, weka ukaguzi huu mwanzoni mwa amri zako, ambao husimamisha kazi kama hakuna kilichopachikwa hapo:

mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1

Kuchomoa

Kupachua ni kinyume cha kupachika: kompyuta inamaliza kuandika, inafunga faili, inaachia. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2018 liitwalo 1809, Windows huandika moja kwa moja kwenye diski za nje bila kulimbikiza, hivyo kuchomoa ghafla wakati hakuna kinachonakiliwa si hatari kama zamani. Linux bado hulimbikiza: mstari wa kunakili unaweza kufika mwisho huku megabaiti mamia ziko kwenye kumbukumbu ya muda, hazijagusa flashi. Huko bofya alama ya kutoa na usubiri hadi iruhusu.

Kompyuta ikisema diski bado inatumika, kuna programu imeishika. Mara nyingi ni picha au waraka uliosahau kuufunga, au programu ya kukagua virusi inayoipekua flashi nzima. Funga madirisha, ngoja kidogo, ujaribu tena. Ikikataa kabisa na gari linakungoja nje, zima kompyuta kwanza, ndipo uchomoe.